Maombi Ambayo Hayakuandikwa: Imani na Subira katika Nyanda za Buha, Kibondo na Kasulu

Utangulizi

Kamati ya Jubilei iliponikabidhi sura hii, ilinitaka nieleze jinsi Injili ilivyofika na kukua katika nyanda za juu za Buha, yaani Kibondo na Kasulu, kwa sababu familia nyingi za usharika wetu asili yake ni huko. Niliipokea kazi hiyo kwa furaha, maana mimi mwenyewe ni mzaliwa wa Kasulu. Lakini nilipoanza kupanga habari nilizokuwa nazo, niliona jambo ambalo nisingeweza kulinyamazia. Vitabu vya jubilei vina desturi ya kuandika maombi yaliyojibiwa. Tuliomba kanisa, likajengwa. Tuliomba kengele, ikanunuliwa. Tuliomba mchungaji, akabarikiwa na kuletwa kwetu. Hayo yote ni kweli, na tunamshukuru Mungu kwa hayo. Hata hivyo, historia ya Buha imejaa pia maombi ya aina nyingine, ambayo kwa macho ya kibinadamu hayakujibiwa. Nikiyaacha, nitakuwa nimeandika nusu ya historia, tena ile nusu iliyo nyepesi.

Kwa hiyo namwomba mpendwa msomaji anivumilie. Sura hii haikusudii kumhuzunisha mtu katika mwaka wa shangwe. Nia yake ni kuonyesha kwamba wazee wetu walimtumaini Mungu si kwa kuwa walipewa kila walichoomba, na kwamba kuomba kwao pasipo kuona jibu ni sehemu ya urithi tuliopokea.

Nchi, Watu na Majina Yao

Buha ni nchi ya vilima na mabonde, kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la mto Malagarasi, ikipakana na Burundi. Hapo zamani ilikuwa na tawala kadhaa, kila moja ikiwa na Mwami wake. Heru ilikuwa katika sehemu ya Kasulu ya leo, Muhambwe katika Kibondo, na Buyungu kaskazini zaidi, katika Kakonko. Lugha ya Kiha na lugha ya Kirundi ni ndugu wa karibu, hata Muha na Mrundi huelewana bila mkalimani.

Kabla ya mmisionari yeyote kufika, watu wa nchi hiyo walimjua Mungu kwa jina la Imana. Walimtaja katika majina ya watoto wao, kama wanavyofanya hadi leo Waha na Warundi. Mtoto huitwa Nsabimana, maana yake namwomba Mungu. Mwingine Nzeyimana, yaani namtumaini Mungu. Mwingine Bizimana, yaani Mungu ndiye ajuaye. Mtu akiyapanga majina hayo matatu kwa utaratibu huo, ataona safari nzima ya mwanadamu anayeomba. Kwanza huomba, kisha hutumaini, na pale ambapo haoni jibu husema kwamba Mungu ndiye ajuaye. Mara nyingi jina la Bizimana hutolewa na wazazi waliokwisha kupitia magumu.

Ujumbe wa Kikristo ulifika kwanza pwani ya ziwa, na ulifika kwa machozi. Wamisionari wa Chama cha Misioni cha London waliingia Ujiji mwezi Agosti mwaka 1878, baada ya safari ndefu ya miguu kutoka pwani ya Bahari ya Hindi. Kabla ya kutimia miezi miwili, mmoja wao, J. B. Thomson, alifariki. Mwaka uliofuata mwenzao Arthur Dodgshun aliwasili Ujiji akiwa mgonjwa, akafa kabla ya kumaliza hata majuma mawili. Bila shaka watu waliomwaga Uingereza walimwombea afike salama. Alifika, naam, lakini alifika kuzikwa. Historia ya Injili katika mkoa wetu wa Kigoma ina makaburi hayo katika ukurasa wake wa kwanza.

Misioni Iliyoishi kwa Maombi

Waliopanda vilima vya Buha baadaye, wakiwa Waprotestanti wa Kijerumani, walitoka katika Misioni ya Neukirchen. Inafaa tuieleze misioni hiyo kidogo, kwa sababu mwanzo wake unahusu jambo lenyewe la sura hii. Mwaka 1878, mchungaji kijana aitwaye Ludwig Doll alianzisha nyumba ya kulelea yatima katika kijiji cha Neukirchen, karibu na mji wa Moers, magharibi mwa Ujerumani. Alikuwa amevutiwa na kazi ya George Müller wa Bristol, aliyelea maelfu ya yatima bila kumwomba binadamu yeyote fedha, akipeleka mahitaji yake kwa Mungu peke yake. Doll aliamua kufuata njia hiyo hiyo, na baada ya muda nyumba ya yatima ikazaa misioni. Wamisionari wake walikwenda Java, na pia Kenya, kwenye mto Tana, kati ya Wapokomo. Hawakuahidiwa mshahara maalumu, waliahidiwa maombi.

Doll mwenyewe alifariki mwaka 1883, miaka mitano tu baada ya kuanza kazi yake na kabla mmisionari yeyote wa Neukirchen hajakanyaga Afrika. Mtu aliyewafundisha wengine kumwomba Mungu kila kitu hakupewa maisha marefu.

Mwaka 1911 misioni hiyo ilifungua kazi Urundi, ambayo wakati ule ilikuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Vituo vilianzishwa, miongoni mwake Kibimba, Musema na Muyebe. Wamisionari walijifunza Kirundi, wakaanza shule, wakakusanya wanafunzi wa kwanza. Kazi ilikuwa bado changa Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, na mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yakaiteka Urundi. Wajerumani waliondolewa. Nyumba zao zilibaki tupu, na wale vijana wachache waliokuwa wameanza kusoma wakaachwa bila mwalimu.

Tafakari hali hiyo, mpendwa msomaji. Hii ilikuwa misioni ambayo nguvu yake yote ilikuwa katika kuomba. Hapana budi waliomba vita viishe na mlango wa Urundi ufunguliwe tena. Vita viliisha, lakini mlango haukufunguliwa. Urundi iliwekwa chini ya Ubelgiji, na Wajerumani hawakurudi kwenye vituo vyao. Walichoruhusiwa, miaka kadhaa baada ya vita, ni kurudi Tanganyika, iliyokuwa chini ya Waingereza. Hivyo katika miaka ya 1920 wakaja upande huu wa mpaka, kwa watu wenye lugha iliyo ndugu ya ile waliyokwisha kujifunza. Watu hao walikuwa Waha.

Kwa upande wetu twaweza kusema kwamba ombi la Urundi lilijibiwa Buha. Usemi huo una ukweli ndani yake, wala siukatai. Lakini tusiuseme kwa haraka mno. Wale wanafunzi wa Kibimba na Musema hawakuhama pamoja na wamisionari. Wao walibaki Urundi wakingoja. Wabatisti wa Denmark walifika Musema mwaka 1928. Marafiki, ambao wengine huwaita Wakwekari, walifika Kibimba mwaka 1934. Na Wamethodisti Huru walifika Muyebe mwaka 1935. Kwa mtu wa Kibimba, kungoja huko kulikuwa karibu miaka 18. Mtoto aliyezaliwa siku Wajerumani walipoondoka alikuwa kijana mzima siku mgeni mwingine alipobisha hodi. Baraka yetu sisi wa Buha ilitoka katika kungoja kwa wengine, na inatupasa kulikumbuka hilo tunaposhukuru.

Malale, Mkonge na Maombi ya Bibi

Katika miaka ile ile ya mwanzo wa kazi ya Injili, Buha ilipatwa na janga la ugonjwa wa malale, unaoenezwa na mbung'o. Kuanzia mwaka 1933 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu kutoka katika makazi yao yaliyotawanyika, hasa katika eneo la Kibondo, na kuwakusanya katika makazi makubwa ambamo pori lilifyekwa ili mbung'o wasipate pa kukaa. Wataalamu walikuwa na sababu zao, na ugonjwa ule ulikuwa wa kutisha kweli. Lakini kwa mzee wa Kiha kuhama kulimaanisha kuacha makaburi ya baba zake, mashamba aliyoyajua na migomba aliyoipanda kwa mkono wake. Wapo walioomba wagonjwa wao wapone, wakawazika. Wapo walioomba wasihamishwe, wakahamishwa.

Jambo la pili lilikuwa mkonge. Serikali ya kikoloni iliifanya Kigoma kuwa mahali pa kuchota nguvukazi. Wanaume wa Buha waliandikishwa kwa maelfu kuwa manamba, wakapelekwa kukata mkonge katika mashamba ya Tanga na Morogoro. Walikwenda kutafuta fedha ya kodi na nguo. Wengi walirudi, lakini wengine hawakurudi.

Hapa naomba niseme habari za nyumbani kwetu. Baba yangu alikuwa na kaka aliyekwenda Tanga akiwa kijana, katika miaka ya 1940. Barua moja iliandikwa kwa mkono wa mwingine, kisha pakawa kimya. Bibi yangu, mama yao, alikuwa Mkristo wa kubatizwa utu uzimani. Kila jioni, baada ya chakula, alimwombea mwanawe huyo kwa jina lake, arudi. Sisi wajukuu tulilijua ombi hilo kwa moyo kabla hatujajua Sala ya Bwana. Tulilala tukilisikia, tukakua tukilisikia, wala baba mkubwa hakurudi.

Nakumbuka siku moja mwinjilisti kijana, aliyekuja kututembelea, alimwambia kwa upole, "Bibi, huenda Mungu amekwisha kukujibu, naye amesema hapana. Mwachie sasa." Bibi alikaa kimya kitambo, halafu akajibu, "Mwalimu, siku nitakayoacha kumwomba, mimi ndiye nitakayekuwa nimemzika." Mwinjilisti hakuongeza neno. Baada ya hapo tuliomba pamoja, naye mwenyewe alilitaja jina la baba mkubwa katika ombi lake.

Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, watu wa mkoa mzima wakahamishiwa katika vijiji vya maendeleo. Sisi nasi tulihama. Bibi hakulalamika juu ya shamba wala nyumba. Swali lake lilikuwa moja tu: "Akirudi, atanikuta wapi?" Tulipohama, aliwaendea jirani mmoja mmoja akawaeleza kijiji chetu kipya kiko wapi, ili yeyote atakayekutana na mwanawe amwonyeshe njia. Alifariki miaka sita baadaye. Usiku wake wa mwisho alimwombea tena.

Sijui la kusema juu ya ombi lile ila kwamba lilikuwa ombi la kweli. Sikuona jibu lake, naye hakuliona. Lakini sisi watu wa nyumba ile tulijifunza kuomba kutoka kwake, na kila ninaposimama mbele ya usharika kuongoza maombi, sauti ninayoisikia moyoni ni ya bibi. Sisemi kwamba hilo ndilo lilikuwa jibu. Yeye hakuomba wajukuu wanaojua kuomba, aliomba mwanawe.

Misioni Yatima

Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, historia ilijirudia. Wamisionari wa Kijerumani katika Tanganyika walikamatwa na kuwekwa kizuizini, na kazi zao zikabaki bila wenyewe. Katika sehemu nyingine za nchi, Walutheri wa Marekani, hasa wa Sinodi ya Augustana, pamoja na wenzao wa Sweden walijitwika mzigo huo. Viongozi wa makanisa ya dunia walizipa kazi hizo jina la misioni yatima. Kwa watu wa Neukirchen jina hilo lilikuwa na uzito wa pekee, kwa maana misioni yao ilizaliwa katika nyumba ya yatima, na sasa yenyewe ikawa yatima kwa mara ya pili.

Katika Buha, wale waliopata nguvu zaidi baada ya hapo hawakuwa Walutheri. Waanglikana walikuwa wakifanya kazi huko, na mwaka 1966 Dayosisi yao ya Western Tanganyika iliundwa, makao yake yakiwa Kasulu na askofu wake wa kwanza akiwa Musa Kahurananga. Tukihesabu kwa jicho la dhehebu, tutasema tulipoteza. Kwa jicho la Ufalme wa Mungu twaona kwamba watu wa Kasulu hawakuachwa bila Neno wala Sakramenti. Ombi la wamisionari lilikuwa watu wa Buha wamjue Kristo. Ni nani atakayesema kwamba ombi hilo halikusikiwa kwa sababu tu aliyevuna hakuwa yule aliyepanda? Nayo Neukirchen haikusahau mkoa wa Kigoma. Huko Matyazo ilihusika na malezi ya watoto yatima, kazi ile ile aliyoianza Doll kijijini kwake.

Wakati wa Wakimbizi

Tangu mwaka 1972, Kibondo na Kasulu zimejulikana duniani zaidi kwa jambo moja, yaani wakimbizi. Mwaka huo mauaji makubwa yalitokea Burundi, na maelfu ya watu wakavuka mpaka kuingia Kigoma. Wengi walipelekwa mbali na mpaka, katika makazi ya Ulyankulu mkoani Tabora, kisha Katumba na Mishamo katika iliyokuwa Rukwa. Shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi, TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Shirikisho la Walutheri Duniani, lilishiriki katika kuyajenga makazi hayo. Hivyo kanisa letu, ambalo lilikuwa dogo huko Buha, lilikutana na Warundi kwa njia ya visima, barabara na zahanati.

Watu wale waliomba kurudi kwao. Waliomba mwaka wa kwanza na wa pili, wakaomba mwaka wa kumi na wa ishirini. Nabii Yeremia aliwaandikia Wayahudi waliokuwa Babeli wajenge nyumba, wapande bustani na kuuombea amani mji waliohamishiwa, kwa kuwa kukaa kwao kungekuwa kwa muda mrefu. Ndivyo walivyofanya watu wa 1972, wakageuza pori kuwa mashamba. Baadhi yao walirudi Burundi baada ya mwaka 2008. Lakini walio wengi walichagua kubaki, na mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 walithibitishwa kuwa raia wa Tanzania. Waliomba kurudi nyumbani, na miaka 42 baadaye wakapewa nyumba mahali ambapo hawakupaomba. Wengi wa walioanza kuomba mwaka 1972 walikuwa wamekwisha kulala.

Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na damu ikamwagika upya. Safari hii wakimbizi walikaa hapa hapa kwetu. Katika Kibondo ziliundwa kambi za Nduta, Mtendeli, Kanembwa na Mkugwa. Katika Kasulu, Mtabila na Muyovosi. Na mwaka 1996 Nyarugusu ikafunguliwa kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita vya nchi yao. Majina hayo, ambayo zamani yalikuwa ya vijiji na mito tu, yakatajwa katika ofisi za Geneva na New York.

Makanisa yalizuka kambini kwa matofali ya udongo na maturubai. Kwaya zilianzishwa kabla ya shule kukamilika. Tusifiche, hata hivyo, kwamba maisha yalikuwa magumu kwa pande zote mbili. Wenyeji waliona misitu ikiisha kwa kuni, na usalama wa barabara ukapungua. Wapo walioomba wageni waondoke, na jirani yao ng'ambo ya uzio akaomba apokewe. Mungu alisikia maombi yote mawili siku moja, kutoka katika kata moja. Nikilikumbuka hilo naona upumbavu wa kudhani kwamba kila ombi linaweza kutimizwa kama lilivyotamkwa.

Waliombea amani Burundi, na amani ilikawia. Mwalimu Julius Nyerere aliyasimamia mazungumzo ya Arusha kwa miaka kadhaa, akafariki tarehe 14 Oktoba 1999 bila kuona matunda yake. Mkataba ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, mbele ya Mzee Nelson Mandela aliyeshika nafasi yake. Watu walianza kurudi, na mwishoni mwa mwaka 2012 Mtabila ikafungwa. Ilionekana kana kwamba ombi limejibiwa. Kisha mwaka 2015 machafuko yakaanza tena, na barabara ya Kibondo ikajaa watu wenye mizigo kichwani. Nduta ilifunguliwa tena mwaka huo, na Mtendeli mwanzoni mwa mwaka 2016. Mtendeli ilikuja kufungwa mwaka 2021. Miongoni mwa waliovuka mpaka mwaka 2015 walikuwamo watu waliozaliwa kambini, wakarudi kwao, na sasa wakawa wanakimbia kwa mara ya pili. Kwao jibu lilitolewa, kisha likaondolewa. Jaribu la namna hiyo, nadhani, ni zito kuliko kungoja tu.

Tunajifunza Nini?

Katika kanisa letu watu wanaoomba bila kuona jibu hupewa maneno ya faraja ya aina tatu. Wa kwanza husema, imani yako ni haba. Wa pili husema, ngoja, wakati wa Bwana bado. Wa tatu husema, Mungu alikuwa na mpango mwema zaidi.

Neno la kwanza tulikatae kabisa. Mtume Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake, naye hakuondolewa. Bwana wetu mwenyewe katika Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke, naye akakinywa. Kama ombi lisilotimizwa ni ushahidi wa imani haba, tutasema nini juu ya Mwana wa Mungu? Marafiki wa Ayubu walisema maneno kama hayo, na mwishowe Mungu aliwakasirikia wao, si Ayubu.

Neno la pili na la tatu yana ukweli, lakini hutegemea ni nani anayeyasema na kwa nani. Mimi naweza kusema kwamba Mungu aligeuza msiba wa 1916 uwe baraka ya Buha, kwa kuwa mimi ni mtoto wa baraka hiyo. Siwezi kumwambia mama aliyezika watoto njiani kati ya Ruyigi na Kibondo kwamba ulikuwapo mpango mwema zaidi. Mungu hakuwaua watoto wale ili kanisa likue. Waliuawa na wanadamu wenye dhambi, na mbele ya Mungu damu yao inalia.

Dk. Martin Luther, ambaye jina lake twalibeba, hakuyajua haya vitabuni tu. Mwaka 1542 binti yake Magdalena, mwenye umri wa miaka 13, aliugua. Luther alipiga magoti kando ya kitanda akaomba, naye akafia mikononi mwake. Baada ya hapo hakuwaficha rafiki zake uchungu wake. Miaka mingi kabla ya msiba huo, mwaka 1518 huko Heidelberg, alikuwa amefundisha kwamba mwanatheolojia wa msalaba hulitaja jambo kama lilivyo, wala haliiti baya jema. Na katika Katekisimo Ndogo, anapoeleza ombi la tatu la Sala ya Bwana, anatufundisha kwamba mapenzi ya Mungu hutimizwa hata bila maombi yetu. Sisi twaomba yatimizwe kwetu pia. Basi kuomba si njia ya kumlazimisha Mungu. Ni kukaa mbele yake na haja zetu, hata akiwa amejificha.

Biblia yenyewe imetunza maombi yasiyo na jibu. Zaburi ya 88 huanza kwa kilio na kuishia gizani, bila mstari wa shukrani mwishoni. Wazee wa Israeli wangeweza kuiacha nje ya kitabu chao cha ibada. Hawakuiacha, kwa sababu walijua kwamba siku itafika ambapo mwamini hatakuwa na maneno mengine.

Hitimisho

Bibi yangu hakusoma theolojia, lakini alilijua jambo hili. Kumtumaini Mungu hakukuwa kwake kuyakinisha kwamba mwanawe atarudi. Kulikuwa kumtaja mwanawe kila jioni mbele za Yule aliyejua alipo. Yeye hakuwa na anwani ya Tanga. Mungu alikuwa nayo. Bizimana: Mungu ndiye ajuaye.

Kwa hiyo natoa ombi moja kwa Baraza la Wazee na kwa washarika wote katika mwaka huu wa jubilei. Tunapoandika orodha ya yale Mungu aliyotutendea katika miaka 100, tutenge pia ukurasa kwa ajili ya yale tuliyomwomba na bado hatujayaona. Tuwaandike waliokwenda wasirudi, wagonjwa waliombewa wakalala, na jirani zetu wanaongoja amani ya nchi yao. Kila mwenye jina aliandike. Na katika ibada ya shukrani ukurasa huo usomwe kwa sauti pale madhabahuni pamoja na mwingine, kwa kuwa zote mbili ni historia yetu, na zote mbili ziko mikononi mwake.

Mimi nimekwisha kuandika jina langu la kwanza katika ukurasa huo. Ni la baba mkubwa.

Mungu wa faraja yote awe pamoja nanyi. Amina.